Breki Zilezile, Gereji Ileile

Ukilipeleka gari lenye waranti kwa wakala kwa sababu ya breki, jibu la kwanza utakalopewa pale mapokezi ni lile lile karibu kila mara: "Madam, pedi na diski ni vitu vya kuisha. Waranti haivigusi." Na ukikifungua kijitabu cha waranti utakuta hawakukudanganya. Waranti nyingi za magari mapya, ziwe za miaka mitatu au kilomita 100,000 au zaidi ya hapo, huviweka kando vitu vinavyolika kwa matumizi: pedi, matairi, mipira ya waipa. Basi unalipa, unafungiwa pedi mpya, gari linatulia. Zikipita kilomita elfu chache usukani unaanza tena kutetemeka ukikanyaga breki. Unarudi, unalipa tena.

Wenye magari wengi hukwama hapo kwa sababu wanagombania pedi. Ugomvi wa pedi hutaushinda. Swali la kuuliza ni kitu gani kinachozila pedi hizo, au kinachoiharibu diski ambayo juzi tu ilikuwa mpya. Kalipa, habu, masta silinda, mabomba ya breki na kompyuta ya ABS si vitu vya kuisha, na kwa kawaida waranti inavilipia. Hata diski: kinachoachwa nje ni uchakavu, lakini diski iliyotoka kiwandani na kasoro hulipiwa na waranti nyingi, angalau katika muda wa mwanzo. Kwa hiyo kila unapoingia pale gereji, lengo lako liwe moja: chanzo kitafutwe, kipimwe, kiandikwe kwa maandishi.

Kabla ya hayo yote, tenga tatizo la kusumbua na tatizo la kuua. Kanyagio likizama taratibu hadi chini ukiwa umelikanyaga, au likiwa laini kama halina kitu, au taa nyekundu ya breki ikiwaka na hendibreki umeshaishusha, au ukiona umajimaji ndani ya rimu, hapo hakuna cha kuendesha pole pole hadi kwa wakala. Gari lisimame, lije livutwe. Waranti nyingi na bima nyingi kubwa zina huduma ya kuvuta gari. Piga simu uulize, na hata kama ni kwa pesa yako, lipa. Taa ya ABS ya rangi ya chungwa ikiwaka peke yake, kwa kawaida breki za kawaida bado zipo, ila tairi zinaweza kujifunga ukikanyaga kwa ghafla, hasa barabara ikiwa na maji. Endesha kwa tahadhari hadi likaguliwe, wala usingoje mwisho wa mwezi.

Tatizo linalorudisha watu gereji kuliko mengine yote ni la kutetemeka. Mafundi wengi husema diski "imepinda kwa moto", wanaichonga, kazi imeisha. Mara nyingi si hivyo. Diski hubanwa kwenye habu. Kukiwa na kutu au vumbi kati ya hivyo viwili, au nati zikikazwa kwa bunduki ya upepo, hii kwa nguvu sana na ile kidogo, diski inakaa mshazari kidogo. Kidogo sana, maana magari mengi huruhusu kama milimita 0.05 tu, unene usiofika hata wa unywele. Ukiwa barabarani hujakanyaga breki, sehemu moja ya diski inaigusa pedi kila mzunguko. Inaigusa tena na tena kwa maelfu ya kilomita, mpaka pale panapoguswa panakuwa pembamba kuliko pengine. Hapo ndipo usukani unapoanza kucheza, kwa sababu pedi inapita kwenye diski yenye unene usiolingana.

Hii ndiyo maana gari hutoka gereji likiwa zima na kuanza kusumbua baadaye. Kuichonga diski kunaufuta ule upembamba, lakini kama habu haikusafishwa na mshazari haukupimwa, diski inarudishwa kwenye kile kile kilichoiharibu. Muda unaanza kuhesabiwa upya. Isitoshe, kila diski ina unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na mara nyingi kipimo hicho kimegongwa kwenye ukingo wake au kwenye kitovu chake. Kila inapochongwa inakisogelea, na diski nyembamba hupata moto upesi zaidi.

Jirani yangu mmoja, mama anayeishi Kikuyu na mwenye duka la vifaa vya ujenzi Narok, alinunua pikapu mpya ya kabini mbili. Kila wiki huteremka nayo ule mteremko wa Mai Mahiu. Gari lilipoanza kutetemeka, wakala alimuuzia pedi. Lilipotetemeka tena, diski zikachongwa. Safari iliyofuata akauziwa diski mpya, na akaambiwa kwa upole kwamba tatizo ni mzigo anaobeba na namna anavyoshuka mlima. Alitaka kuliuza. Tulipozungumza nilimwomba aombe kitu kimoja tu: diski ipimwe ikiwa bado kwenye gari, yeye akiwepo.

Msimamizi wa gereji hakukataa. Fundi kijana alitoa tairi, akarudisha nati zote na kuzikaza ili diski ishikwe sawasawa, kisha akafunga kwenye nguzo ya sumaku kile kipimo cha duara chenye sindano, ncha yake ikigusa uso wa diski karibu na ukingo. Akaizungusha diski taratibu kwa mkono. "Mama, hebu iangalie sindano," alimwambia. Sindano ilipanda, ikashuka, ikapanda tena pale pale: milimita 0.12, na kitabu cha gari hilo kilitaka isizidi 0.05. Akaivua diski, akaisugua habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akairudisha diski baada ya kuisogeza tundu moja mbele. Ikasoma 0.09. Akapima habu yenyewe bila diski, nayo ikacheza. Kumbe pedi, uchongaji na diski mpya vyote vilikuwa vinatibu ugonjwa wa habu ya mbele kushoto, na habu ilikuwa ndani ya waranti. Ilibadilishwa bila malipo. Pesa za diski alirudishiwa baada ya barua mbili. Za kuchonga hakurudishiwa.

Nimekieleza kipimo hicho kwa urefu kwa sababu si kazi kubwa. Gereji ya wakala inayojiheshimu inacho kifaa hicho, na kazi yenyewe haimalizi saa moja kwa gurudumu. Ukiambiwa "tumekagua breki, ziko sawa", uliza kwa adabu: mshazari wa diski ulisoma ngapi? Unene ulipimwa sehemu ngapi za diski, na tofauti ni kiasi gani? Pedi ya ndani imebaki milimita ngapi, na ya nje ngapi? Majibu hayo ni tarakimu. Anayekujibu kwa maneno matupu hajapima.

Hizo tarakimu za pedi zinaeleza mengi. Pedi mbili za gurudumu moja zikitofautiana sana, moja imekwisha na mwenzake bado nene, tazama pini za kalipa: zimekauka grisi au zimeingia vumbi, kalipa haitelezi tena. Barabara zetu za murram huchana vile vifuko vya mpira vinavyozikinga pini, na huko Mombasa chumvi ya bahari humalizia kazi. Zote mbili za gurudumu moja zikiisha huku za upande wa pili zikiwa nzima, pistoni imekwama au bomba la mpira limeziba ndani na halirudishi mafuta. Utajua hata wewe mwenyewe: baada ya mwendo wa kawaida, rimu moja inatoa joto na harufu ya kuungua kuliko nyingine, au gari linavuta upande mmoja ukishika breki. Usiguse diski kwa mkono, itakuunguza. Joto la hatari hulisikia ukiwa umeweka kiganja mbali na rimu.

Kelele nazo zisikutie hofu zote. Mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua, unaokwisha ukishika breki mara chache, ni kutu nyepesi juu ya diski na hauna neno. Kwenye magari ya haibridi hutokea zaidi, kwa kuwa mota ya umeme hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo na diski hukaa muda bila kusuguliwa. Mlio wa chuma kusaga chuma ni habari nyingine: pedi imekwisha kabisa.

Na kama gari linatetemeka hata bila kukanyaga breki, anza na matairi na balansi. Usukani ukitetemeka tu unapokanyaga, tazama breki za mbele kwanza. Ukiusikia mtetemo zaidi kwenye kiti, tazama za nyuma. Ni dalili za kuanzia tu, lakini ukizieleza hivyo fundi atakusikiliza tofauti.

Sasa karatasi. Kila gari linapopokelewa gereji huandikwa kadi ya kazi, na karani wa mapokezi huwa na haraka. Ukimwambia "breki zinasumbua", ataandika "kagua breki", na baada ya kukagua wataandika "hakuna tatizo". Miezi ikipita, faili lako litaonyesha gari lililokaguliwa likakutwa zima. Mwambie aandike hivi, au andika mwenyewe kwenye karatasi ibandikwe kwenye kadi: usukani unatetemeka kuanzia mwendo wa kilomita 80 kwa saa ninapokanyaga breki kwa kiasi, breki zikiwa zimepata moto, baada ya mteremko mrefu, hii ni mara ya tatu, mara ya kwanza ilikuwa tarehe fulani, kilomita kadhaa kwenye dashibodi. Usitie sahihi kabla ya kusoma. Unapolichukua gari, dai nakala inayoonyesha walichokiona, walichokipima na walichokibadilisha. Hata jibu la "hatukuona tatizo" liwe kwenye karatasi. Na wakikubadilishia kitu bure "kwa hisani", waombe waandike kwamba ni kazi ya waranti, maana hisani haiachi historia, na gari lenye historia ya kurudi kwa kasoro ile ile ndilo litakalokutetea mbele ya safari.

Pedi na diski za zamani omba uzione, zipige picha ubavuni na usoni. Kama ulizilipia ni mali yako, zichukue. Zikibadilishwa kwa waranti, kwa kawaida wakala hutakiwa kuzihifadhi kwa ajili ya kiwanda, hivyo picha inatosha. Video nayo inasaidia sana, ila ipigwe na abiria.

Kisha panda gari pamoja na fundi. Hili halina mbadala. Gereji nyingi za mawakala jijini Nairobi ziko Industrial Area na kandokando ya Mombasa Road. Fundi akilijaribu gari lako kwenye msongamano wa pale, breki baridi na mwendo wa kilomita 30, hatasikia lolote, na atakuwa mkweli akisema hajasikia. Weka miadi mapema, useme wazi kwamba unataka mwende pamoja mahali penye mteremko, au barabara kuu ambayo gari linaweza kufika mwendo unaosumbua. Aendeshe yeye. Akishasikia, kadi ya kazi iandikwe "imethibitishwa na fundi" kabla gari halijaguswa.

Kuna upande wako pia, nao usiuache wazi. Wakala atatafuta sababu ya kusema ni uendeshaji, na madereva wengi humpa. Kuteremka Mai Mahiu au, kwa wenzetu wa Tanzania, mlima Kitonga, mguu ukiwa juu ya kanyagio kutoka juu hadi chini, kutachemsha breki za gari lolote, jipya kuliko yote. Ingia gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Gari la otomatiki lina L, au B, au namna ya kuchagua gia kwa mkono, na imewekwa kwa ajili ya hapo hasa. Kisha kanyaga kwa nguvu kiasi, punguza mwendo, achia, upe breki nafasi ya kupoa. Ukilisimamisha gari diski zikiwa na moto mkali, usiendelee kubana kanyagio. Pedi huacha alama pale ilipobana, na alama hiyo nayo huleta mtetemo. Pedi mpya zinataka kulainishwa: mwanzoni shika breki mara kadhaa kwa kiasi kwenye barabara isiyo na magari, ukipunguza mwendo bila kusimama kabisa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na wengi husahau. Kwa kiwango cha DOT 4, mafuta mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji kiwango hushuka hadi 155. Katikati ya mteremko mrefu hiyo ndiyo tofauti ya kanyagio lililo gumu na kanyagio linalozama. Watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila miaka miwili au karibu na hapo. Fuata kitabu chako, na uweke risiti. Muda wa waranti ukiwa haujaisha, fundi wa mtaani asifungue breki hata kama ni ndugu yako na mkono wake unauamini. Akizigusa, umempa wakala sababu ya kukataa kila kitu. Usiongeze rimu kubwa wala vipande vya kusogeza matairi nje. Na kila unapotobokewa na tairi, simama hapo hapo uhakikishe nati zinamaliziwa kukazwa kwa mkono, kwa mpangilio wa msalaba. Kama una spana yenye kipimo cha kukaza, bora zaidi.

Wakati mwingine tatizo halipo kwenye chuma. Mwaka 2010 kampuni ya Toyota iliita yarudishwe magari ya haibridi yapatayo 437,000 duniani kote, mengi yakiwa Prius. Madereva wa Japani na Marekani walikuwa wakilalamika kwamba breki zinapotea kwa muda mfupi sana wanapopita kwenye matuta au barabara yenye barafu. Kampuni ilieleza mwanzoni kuwa ni hisia tu ya kanyagio wakati mfumo unabadilisha aina ya breki. Baadaye programu ya ABS ikarekebishwa, na ikajulikana kwamba magari yaliyokuwa yakitoka kiwandani tangu Januari ya mwaka huo yalikwisha kuwekewa marekebisho hayo. Kwa hiyo muulize wakala, kwa maandishi, maswali mawili: je, gari lenye nambari hii ya chesi limeitwa kurudishwa kwa jambo lolote? Na je, mtengenezaji ametoa waraka wa kiufundi kwa mafundi kuhusu breki za modeli hii? Kurudishwa hutangazwa hadharani. Waraka wa mafundi hubaki ndani ya gereji mpaka mtu auulizie. Anwani ya ofisi ya mtengenezaji ya kanda imo kwenye kijitabu cha waranti. Mtumie nakala.

Wakala akiendelea kukuzungusha, sheria ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya fidia akipata hasara kwa kasoro zake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inadai kitu kinachouzwa na mfanyabiashara wa kitu hicho kiwe na ubora unaokubalika, na haki hiyo iko kando ya waranti ya kiwanda. Lakini sheria hiyo haimsaidii anayengoja: ukikaa na gari muda mrefu ukilitumia bila kulalamika rasmi, utahesabiwa umelikubali, na haki ya kulirudisha inapungua hadi kubaki fidia peke yake. Malalamiko ya watumiaji hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Tanzania ni Tume ya Ushindani, FCC. Kwa pesa ulizolipa kwa kazi isiyotibu, Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kabla ya kufika huko, tafuta ripoti ya mkaguzi asiye na upande. AA Kenya hukagua magari. Mwombe apime bila kufungua mfumo wa mafuta ya breki.

Kama gari ni la mkopo, usiache kulipa benki kwa hasira dhidi ya wakala. Hiyo ni mikataba miwili tofauti, na dalali hataki kusikia habari za breki. Iarifu benki kwa barua kwamba mali inayoshikilia mkopo wao ina kasoro ya usalama. Wakati mwingine barua ya benki kwa wakala husomwa haraka kuliko yako.

Na tazama kalenda, na kilomita pia, kwa kuwa waranti huisha kwa lile litakalotangulia. Ikiwa umebakiza miezi miwili au kilomita elfu tatu na mtetemo bado upo, usingoje sevisi ijayo. Andika barua moja fupi: tarehe ya kununua, nambari ya chesi, tarehe na kilomita za kila mara ulipolipeleka, walichofanya kila mara, na kwamba kasoro hii iliripotiwa ndani ya waranti na haijatibiwa, hivyo unatarajia itibiwe kwa gharama yao hata waranti ikipita. Ambatisha nakala za kadi za kazi. Ipeleke kwa mkono, kisha uitume pia kwa baruapepe kwa wakala na kwa ofisi ya mtengenezaji, na usitoke pale mapokezi kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe.